Gandhi, Wakili wa Wafanyabiashara

Jina la Mohandas Gandhi twalijua sote kwa habari ya uhuru wa Bara Hindi. Mimi nitaeleza kazi iliyomlisha kabla ya hayo, yaani uwakili wa kesi za biashara. Wengi wetu wa vidato vya juu twaitamani kazi hiyo, nami ni mmoja wao.

Gandhi alizaliwa Porbandar, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, tarehe 2 Oktoba, 1869. Mwaka 1888 alikwenda London kusoma sheria, na mwezi wa Juni, 1891, akawa wakili. Katika kesi yake ya kwanza huko Bombay alisimama amwulize shahidi maswali, lakini ulimi ukawa mzito, asipate la kusema. Akaketi, akaiacha kesi pamoja na ujira wake wa rupia 30.

Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, tajiri wa Natal mwenye asili ya Porbandar, ilimwita Afrika ya Kusini kwa mwaka mmoja kwa pauni 105. Meli yake ilipitia Lamu, Mombasa na Unguja.

Kampuni hiyo ilikuwa ikimdai Tyeb Haji Khan Muhammad wa Pretoria pauni 40,000, naye alikuwa jamaa wa Dada Abdulla. Kesi yenyewe ilikuwa ya hesabu, na Gandhi hakujua hesabu za biashara. Aliposikia habari za hati za ahadi ya kulipa, hakufahamu ni kitu gani. Basi akanunua kitabu cha kutunza hesabu, akajifunza, kisha akachunguza karatasi zote za pande zote mbili. Hapo akatambua kwamba wakili asiyeyajua vema mambo yalivyotukia hawezi kusaidiwa na sheria.

Akaona na jambo la pili. Kesi iliendelea, na gharama za mawakili zikapanda kila siku, hata mshindi asingeweza kurudishiwa zote. Jambo hili si geni kwetu. Nyumbani nimewaona ndugu wawili waliogombania lori moja mahakamani. Lori likauzwa ili kulipa gharama, na mpaka leo watoto wao hawasalimiani.

Gandhi alimwendea Tyeb, akamsihi shauri litolewe mahakamani, likatwe na mwamuzi ambaye pande zote wamemkubali. Ikawa hivyo, na Dada Abdulla akashinda: pauni 37,000 pamoja na gharama. Wakili mwingine angefunga mafaili yake. Lakini Tyeb hakuwa na fedha hizo kwa mara moja, na kwa wafanyabiashara wa Porbandar waliokaa huko kufilisika kulikuwa aibu kupita mauti. Gandhi akamwomba mteja wake mwenyewe apokee deni kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kumlainisha mshindi kulimtaabisha kuliko kupata mwamuzi, lakini mwishowe Dada Abdulla akakubali, na wote wawili wakabaki na heshima yao.

Mwaka 1894 Gandhi aliandikishwa katika Mahakama Kuu ya Natal, ingawa chama cha mawakili kilimpinga. Katika miaka yapata 20 ya uwakili wake alipatanisha watu katika mamia ya kesi. Mara moja waamuzi walikosea hesabu kwa faida ya mteja wake. Wakili mkubwa wa upande wake alitaka wanyamaze. Gandhi akamshauri mteja, kosa likatajwa mbele ya majaji, likasahihishwa, na mteja akashinda vile vile.

Mwaka 1922, baada ya Gandhi kufungwa kwa ajili ya siasa, chama cha mawakili cha London kilichompokea kilifuta jina lake. Aliuawa tarehe 30 Januari, 1948. Jina hilo lilirudishwa mwaka 1988.

Wenzangu, sisemi kila kesi iishe kwa kusameheana. Dada Abdulla alipata haki yake kwanza, tena kwa hesabu zilizothibitishwa. Upole ulifuata baadaye. Anayetaka uwakili na aanze na daftari la hesabu, hata kama halimpendezi, kisha ajifunze kumwendea mshindani wa mteja wake na kuketi naye.