Abel Faivre na jogoo wa zahabu

Abel Faivre alizaliwa Lyon, kule Ufaransa, mwaka 1867. Alijifunza kuchora kwao, kisha akaenda Paris. Kazi iliyomlisha ni michoro ya kuchekesha ndani ya magazeti. Alipenda sana kuwacheka madokta: mwaka 1902 gazeti L'Assiette au Beurre lilimwachia namba nzima juu yao.

Vita ya 1914 ilimkuta na miaka 47. Serikali ilitaka zahabu ya kulipia vitu vya vita inchi za nje, lakini zahabu nyingi ilikuwa kwa raia, imefichwa ndani ya masanduku. Utaitoa namna gani? Huwezi kutuma askari kila nyumba. Mwaka 1915 Faivre akachora afishi: sarafu moja kubwa ya zahabu, na jogoo wa Ufaransa anatoka mule ndani, anamrukia askari wa Ujerumani, anamlaza chini. Basi, ni hiyo tu. Hata mtu asiyejua kusoma alielewa: sarafu uliyoificha ni askari aliyelala, mwamshe. Watu wakapeleka zahabu Banque de France, wakapewa noti za karatasi pamoja na cheti cha kuwashukuru. Mwaka haujaisha, zaidi ya franga bilioni 1 ilikuwa imeingia.

Mwaka 1916, kwa mkopo wa pili wa serikali, akachora askari anayekimbia, mdomo wazi, bunduki mkononi, mkono mwingine juu kama anatuita tumfuate. Maneno ya chini yalitoka kwa amri ya jenerali Pétain kule Verdun. Verdun ile ya maiti na matope, lakini kwa afishi hakuna tope, hakuna maiti. Mimi naona ufundi wake ulikuwa pale: kujua nini cha kuonyesha na nini cha kunyamazia. Aliyekopesha aliahidiwa faida ya 5 kwa mia kila mwaka. Juu ya franga yenyewe kushuka, kimya.

Na ilishuka. Mwaka 1928 serikali ikapunguza franga kwa sheria, ikabaki na sehemu moja tu kwa tano ya zahabu yake ya zamani. Mama aliyetii jogoo alikuwa na karatasi. Jirani yake aliyeficha alikuwa bado na zahabu. Sisi tuliobeba mazaire kwa mifuko, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Faivre alikufa Nice mwaka 1945, mwaka uleule vita ingine ya Ulaya iliisha.