August Aichhorn, Mwalimu wa Watoto Watukutu

Hakuna shule isiyokuwa na yule mwanafunzi ambaye jina lake hutajwa gwarideni kila Jumatatu. Yeye ndiye aliyevunja kioo, yeye ndiye aliyempiga mwenzake, yeye ndiye aliyemtukana kiranja. Akiadhibiwa leo, kesho yuko pale pale. Mwishowe hupewa barua aende nyumbani akamlete mzazi, na wengine hawarudi tena. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa, basi mambo yakaishia hapo. Leo ningependa kukusimulia maisha ya mwalimu aliyeikataa methali hiyo. Jina lake huenda ni geni hapa kwetu, lakini huko Ulaya na Marekani walimu wa watoto wenye matatizo ya tabia wanalijua sana.

August Aichhorn alizaliwa tarehe 27 Julai, 1878, katika jiji la Vienna, nchini Austria. Alianza ualimu akiwa barobaro wa miaka 20 hivi. Mnamo mwaka wa 1907 hivi wakubwa wa jiji walianza kufungua vituo vya wavulana vilivyoendeshwa kijeshi. Yaani mtoto apigishwe gwaride na aamrishwe kama kuruta. Aichhorn alilipinga jambo hilo kwa jino na ukucha, kwa maana aliona mtoto si askari. Mwaka wa 1908 alipewa kazi ya kuongoza bodi iliyosimamia vituo vya wavulana, naye akafanya bidii kuyazuia mambo ya kijeshi yasiingie humo.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Waama, vita havina macho. Austria ilishindwa, njaa ikaingia Vienna, baba wengi wakafia vitani, na watoto wakatapakaa mitaani wakiiba ili wapate tonge. Wapo waliotoroka nyumbani, na wapo walioacha shule kabisa. Ni nani angewachukua? Mwaka wa 1918 Aichhorn alianzisha makao yao mahali paitwapo Oberhollabrunn, katika mabanda ya mbao yaliyokuwa kambi ya wakimbizi wa vita.

Sasa sikiliza alivyofanya. Kwanza hakuwachanganya watoto ovyo ovyo kama mahindi na maharagwe. Aliwagawa katika makundi kulingana na shida ya kila mmoja. Lakini baada ya kuwagawa, walibaki wavulana 12 ambao hakuna kundi lililoweza kuwavumilia. Hao walikuwa wakali kama nyuki waliochokozwa. Walirushiana vyombo, walipigana hadi damu ikatoka, na mtu akiwakanya ndipo huzidi. Basi Aichhorn akawaweka pamoja katika banda lao.

Alipochunguza maisha yao aligundua jambo moja. Wote 12 walitoka katika nyumba zisizokuwa na amani, na wote walikuwa wamepigwa vibaya sana walipokuwa wadogo. Hapo ndipo alipojiuliza: ikiwa kipigo ndicho kilichowafanya hivi, je, kipigo zaidi kitawaponyaje? Aliona kwamba watoto hawa walikosa upendo, na kwamba lile deni la upendo lilikuwa lazima lilipwe kwanza kabla ya kudaiwa heshima na adabu.

Kwa hivyo aliwaagiza walimu wa kundi hilo, ambao walikuwa kina mama wawili, wasiwapige, wasiwafokee na wasiwaadhibu. Kazi yao ilikuwa kuwa watulivu na wapole kila saa, na kuingilia kati tu mtoto akitaka kuumizwa kweli kweli. Lo! Wavulana wale walipoona hakuna adhabu, walizidisha. Walivunja madirisha, wakavunja meza na viti, wakaharibu milango. Wakati wa chakula meza ilibaki tupu, kila mmoja amejikunyata pembeni chini sakafuni na sahani yake. Makelele yao yalisikika mbali. Msomaji, hebu fikiria uchovu wa wale walimu wawili! Mtu yeyote aliyepita pale angedhani mwalimu mkuu amerukwa na akili.

Siku moja Aichhorn alimkuta mvulana amemshika mwenzake, amemwekea kisu cha mkate shingoni, huku akipiga mayowe. Mimi ningekimbia kumnyang'anya. Aichhorn alisimama tu kimya, kama ambaye hajaona kitu. Alikuwa ametambua kwamba mtoto yule hakukusudia kuua bali alitaka kuona mkubwa akikasirika kama wakubwa wote aliowajua. Alipoona hakuna hasira, yule mvulana alikitupa kisu chini, akapiga miguu, akalia kwa sauti, akalia na kulia mpaka usingizi ukamchukua.

Ikawa hivyo kwa wenzake pia. Ukali wao ulipanda hadi kileleni, kisha ukavunjika kwa machozi. Baada ya machozi walibadilika polepole, leo wazuri na kesho wabaya tena, lakini wakawa wanawapenda walimu wao na kuogopa kuwahuzunisha. Banda lao lilikuwa limeharibika kabisa, basi wakahamishiwa jingine zuri, na hilo hawakulivunja. Hapo ndipo walimu walipoanza kuwadai kitu: wafuate saa, wangoje zamu, wasome. Wakaanza kuyafuata masomo yaliyokuwa yamewapita. Kumbe upole haukuwa mwisho wa safari, ulikuwa mlango wa kuingilia.

Kuna kisa kingine kinachonipendeza. Kijana mmoja mwenye tabia ya wizi alikuwa ameletwa hapo baada ya kufukuzwa chuo cha kijeshi. Aichhorn alimpa kazi ya kuuza tumbaku ya wafanyakazi, mahali penye pesa! Baada ya wiki chache zikapungua krone 450, pesa za huko. Hakumwita polisi. Alimwita kijana amsaidie kupanguza vumbi vitabu ofisini, na katika mazungumzo akaanza kumsimulia habari za karani mmoja mwizi. Kijana akatetemeka hata kitabu kikamponyoka. Hapo Aichhorn akamwambia kwamba anajua, kisha akampa pesa zile zile 450 akazirudishe. Aibu ya kusamehewa ilimshika kuliko ambavyo kiboko kingemshika. Inasemekana baadaye alipata kazi nzuri ya kuchora miundo ya samani.

Makao yale hayakudumu. Yalihamishwa na kufungwa katika miaka ya mwanzo ya 1920. Lakini Aichhorn hakukata tamaa. Alijiunga na wanafunzi wa Daktari Sigmund Freud, wanaoichambua nafsi ya mtu kwa mazungumzo, na akafungua mahali pa kuwashauri wazazi na watoto katika mitaa ya Vienna. Mwaka wa 1925 alitoa kitabu juu ya vijana waliopotoka, na Freud mwenyewe akakiandikia dibaji. Fundisho lake kuu ni rahisi kulielewa sisi watu wa nchi ya malaria. Utukutu ni kama homa. Ukimmwagia mgonjwa maji baridi mwili utapoa, lakini ugonjwa ungali damuni na utatokea kwingine.

Mwaka wa 1938 Wanazi waliiteka Austria. Freud na wenzake wengi walikimbia, lakini Aichhorn alibaki kwa sababu mwanawe alikuwa amefungwa katika kambi ya Dachau. Vita vilipokwisha alikifufua chama chao mwaka wa 1946, na akafariki dunia tarehe 13 Oktoba, 1949, akiwa na miaka 71. Mwanafunzi wake Fritz Redl alikuwa ameihamisha mbegu hiyo hadi Marekani, na mwaka wa 1946 akafungua nyumba ya wavulana wakali mjini Detroit, iliyoitwa Pioneer House.

Hapa Kenya kiboko kiliondolewa shuleni kisheria mwaka wa 2001. Lakini kuondoa kiboko ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwuliza mtoto mtukutu kinachomuuma. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini Aichhorn alituonyesha kwamba mkono wa kumkunja si lazima uwe mkono wa kupiga. Wewe msomaji, yule mwenzako anayetajwa gwarideni kila Jumatatu, je, umewahi kumwuliza anakoishi na anaishi na nani?