Johannes Rebmann

Johannes Rebmann (Gerlingen, Ujerumani, 16 Januari 1820 – Korntal, 4 Oktoba 1876) alikuwa mmisionari wa shirika la CMS na mtaalamu wa lugha katika pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro. Mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kufika huko, aliikataa habari hiyo kwa miaka mingi.

Alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846 akaishi pwani miaka 29 bila kurudi Ulaya. Mke wake Emma alifariki mwaka 1866. Macho yake nayo yalififia hadi akawa karibu kipofu, huku kamusi zake zikiwa bado miswada.

Mwaka 1875 alirudi Ujerumani akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Peke yake asingeiweza safari hiyo. Alikaa Korntal karibu na rafiki yake Ludwig Krapf, akamwoa mjane Louise Däuble. Krapf ndiye aliyehariri kamusi yake ya Kiniassa (leo Kichewa), yenye maneno aliyofundishwa na mtumwa Salimini. Ilichapishwa mwaka 1877.