Bingwa aliyekubali kuwa wa 78



Kila mwezi Aprili wapenzi wa riadha hapa kwetu hutega masikio kusikia habari za mbio za marathoni za Boston, kule Marekani. Wenye umri wanakumbuka mwaka 1988, Juma Ikangaa wetu alipomaliza wa pili, sekunde moja tu nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein. Akarudi 1989, akawa wa pili. Akarudi 1990, akawa wa pili tena.

Mbio hizo zilianza mwaka 1897. Katika miaka yote hiyo hajatokea mtu aliyezishinda kwa miguu yake mara nyingi kama Clarence DeMar, ambaye alizishinda mara saba. Huenda hujawahi kulisikia jina lake, kwani alifariki mwaka 1958. Lakini leo nakuomba ukae naye kidogo, maana katika maisha yake kuna jambo linalotuhusu sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa.

DeMar alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Ohio. Alipokuwa na miaka minane baba yake alifariki, akamwacha mama na kundi la watoto wa kulea. Kijana huyo alitembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba akiuza vitu vidogo vidogo ili nyumbani kipatikane chakula. Baadaye mama alihamia Massachusetts, na mzigo ulipomzidi, mwanawe akapelekwa kwenye shule ya bweni katika kisiwa cha Thompson, kwenye bandari ya Boston. Huko watoto walisoma na kufanya kazi za shamba na za mikono. Kama ulilelewa na mama peke yake, au ulipelekwa kwa ndugu kwa sababu nyumbani hapakutosha, basi unayajua maisha hayo bila mimi kukueleza.

Alianza kukimbia akiwa chuoni, umri wa kama miaka 20. Mwaka 1910 aliingia Boston kwa mara ya kwanza akamaliza wa pili. Mwaka uliofuata, kabla ya mbio kuanza, daktari alimsikiliza kifuani na kusikia mlio usio wa kawaida katika moyo wake. Akamshauri hayo yawe mashindano yake ya mwisho, na akichoka njiani aache. DeMar alikimbia siku ile akashinda.

Lakini maneno ya daktari hayakumtoka. Mwaka 1912 alikwenda kwenye Olimpiki ya Stockholm akawa wa 12, kisha kwa miaka mingi akaonekana mara chache tu kwenye mbio kubwa. Ushindi wake wa pili Boston ulikuja mwaka 1922, yaani miaka 11 baada ya ule wa kwanza. Wengi walikuwa wamekwisha kumsahau.

Aliishije katika miaka hiyo? Alifanya kazi ya uchapaji, kazi ya kupanga herufi za magazeti, mara nyingi usiku. Alisoma jioni baada ya kazi. Alifundisha watoto shule ya Jumapili na kuongoza vijana wa skauti. Alikuwa akikimbia kwenda kazini na kurudi, amebeba shati kavu la kubadilisha akifika. Hakuwa na mdhamini wala kocha wa kumlipia chochote. Zama zile mshindi alipata medali au kikombe, kisha kesho yake akaamka kwenda kibaruani kama wenzake. Fedha za ushindi Boston zilianza kutolewa mwaka 1986, miaka 28 baada ya yeye kuzikwa.

Na matunda yakaja. Alishinda 1922, 1923 na 1924. Kiangazi cha 1924, akiwa na miaka 36, alipata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Paris. Akashinda Boston tena 1927, 1928 na 1930. Ule wa mwisho aliupata akiwa na miaka 41, na hadi leo hajatokea mwanamume mwenye umri mkubwa zaidi aliyeshinda mbio hizo.

Sasa, msomaji wangu, tungeweza kuishia hapa tukapiga makofi. Mimi jambo linalonigusa zaidi ni lile lililofuata.

Baada ya 1930 DeMar hakushinda Boston tena. Vijana walimpita, kwanza mmoja mmoja, kisha makumi kwa makumi. Angeweza kustaafu kwa heshima, akaketi jukwaani na kushangiliwa. Yeye aliendelea kuvaa viatu na kujipanga na vijana wa umri wa wanawe. Mwaka 1954, akiwa na miaka 65, alikimbia Boston kwa mara ya mwisho. Alimaliza wa 78. Bingwa mara saba aliona migongo ya watu 77 mbele yake, na bado akafika mwisho.

Jiulize nami leo. Ulikuwa mwenyekiti wa kwaya, ukaja uchaguzi, akachaguliwa mwingine. Tangu siku hiyo sauti yako haijasikika tena kanisani. Ulikuwa mzee wa kanisa, kipindi chako kikaisha, sasa unafika ibadani kwa kuchelewa na kuondoka kabla ya matangazo. Ulikuwa unaongoza maombi ya Ijumaa, akaja kijana anayeomba kwa ufasaha kuliko wewe, ukaanza kupata udhuru. Hebu tuulizane kwa upendo: tulikuwa tunamtumikia Mungu, au tulikuwa tunaitumikia ile nafasi ya mbele? Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unatuita tupige mbio kwa saburi tukimtazama Yesu. Anayemtazama Yesu hana muda mwingi wa kuhesabu waliomtangulia.

Tusimfanye DeMar malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Watazamaji waliomsonga au kumwingilia njiani aliwafokea, na wapo waliopata hata konde. Mwalimu wa shule ya Jumapili! Basi nidhamu ya miguu na nidhamu ya ulimi si kitu kimoja, na mtu anaweza kufaulu somo moja akabaki anarudia lingine kila mwaka. Mungu alimtumia akiwa bado mwanafunzi. Hata sisi ndivyo tulivyo.

DeMar alifariki Juni 1958 kwa saratani, siku chache baada ya kutimiza miaka 70. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa bado anashindana. Madaktari waliuchunguza moyo wake baada ya kifo, akiwemo Paul Dudley White, yule aliyemtibu Rais Eisenhower. Mwaka 1961 walichapisha walichokiona: mishipa inayopeleka damu kwenye moyo wa DeMar ilikuwa na upana wa mara mbili hadi tatu ya mishipa ya kawaida. Moyo ule uliotiliwa shaka mwaka 1911 ulikuwa umembeba karibu nusu karne.

Tafadhali usichukue habari hii ukaitumia kumpuuza daktari wako. Akikwambia upumzike, pumzika. Akikupa dawa, meza. Yako mambo mawili ningependa uondoke nayo.

La kwanza, wengi wetu tumeutelekeza mwili. Tunafunga na kuomba dhidi ya presha na kisukari, lakini kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani, mwendo wa dakika 15, tunapanda bodaboda. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hufagiliwa kila siku.

La pili, kumbuka kwamba moyo ule mpana haukumzuia DeMar kufa. Saratani ilipita mlango mwingine. Ndiyo maana Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, anasema mazoezi ya mwili yana faida kiasi, lakini utauwa unafaa kwa uzima wa sasa na ule ujao. Hiyo faida kiasi usiidharau, ichukue. Ila usiishie hapo. Aliyeweza kuamka alfajiri kukimbia anaweza pia kuamka dakika 20 mapema akapiga magoti.

Leo, kama kuna kundi kanisani uliloliacha kwa sababu hukupewa nafasi, rudi. Kaa safu ya nyuma ukiona hivyo ni vyema, lakini rudi. Anayetungoja mwisho wa mbio anawajua kwa majina hata wale wa 78.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulioacha mbio kwa sababu ya cheo. Utupe miili yenye afya ya kukutumikia, ndimi zilizotulia, na mioyo isiyochoka kuja kwako hata pale tusipoonekana. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.