Bruce Lee: Ngumi Iliyotii Amri

Askari wakikaa jioni baada ya zamu na kuanza kuzipanga picha za sinema za miaka ya 1970, ipi ishike nafasi ya kwanza na ipi ifuate, ni nadra mazungumzo kwisha kabla jina la Bruce Lee halijatajwa. Mmoja atasifu kasi ya mateke yake. Mwingine atasifu vile vijiti viwili vya mnyororo alivyovizungusha hata macho yakashindwa kuvifuata. Picha alizozikamilisha akiwa mhusika mkuu katika utu uzima wake ni nne tu, nazo zote zilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1973. Alipofariki alikuwa na umri wa miaka 32. Hata hivyo, maisha yake yana mafunzo mengi kwa mtu aliyekabidhiwa nguvu na taifa lake, kwani kabla ya kuwa bingwa wa kupiga, Bruce Lee alilazimika kujifunza jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kuitawala nguvu yake mwenyewe.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Bruce Lee alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 katika mtaa wa Wachina mjini San Francisco, Marekani. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji na mwigizaji mashuhuri wa michezo ya nyimbo ya Kikanton, naye alikuwa huko pamoja na kundi lake kwa ziara ya maonyesho. Kwa hesabu ya Kichina mwaka ule ulikuwa mwaka wa joka, na baadaye kijana huyo alijulikana katika sinema za kwao kwa jina la Joka Dogo.

Alikuwa bado mtoto mchanga wazazi wake waliporejea naye Hong Kong, iliyokuwa koloni la Waingereza wakati ule. Mwezi Desemba 1941 majeshi ya Japani yaliiteka Hong Kong, yakaikalia hadi mwaka 1945. Hivyo miaka yake ya kwanza ilipita chini ya jeshi la kigeni, jambo ambalo halina budi kukumbukwa na yeyote anayetaka kuelewa hasira iliyomo katika baadhi ya picha zake.

Vita vilipokwisha, mtoto huyo alionekana mara kwa mara katika sinema, na kabla ya kutimiza miaka 18 alikuwa amekwisha kushiriki katika picha zipatazo 20. Lakini nje ya sinema alikuwa kijana mgomvi. Hong Kong ya siku zile ilijaa wakimbizi kutoka China bara, na vijana walijiunga makundi makundi wakapigana vichochoroni na juu ya mapaa ya majumba. Lee alikuwa miongoni mwao. Alipokuwa na umri wa miaka kama 13 alikwenda kwa mwalimu Yip Man, akaanza kujifunza mtindo wa Wing Chun, unaotumia mapigo mafupi ya karibu badala ya kurusha mikono mbali. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya ndondi ya shule, na mwaka huohuo akawa bingwa wa Hong Kong wa dansi ya cha-cha. Mambo hayo mawili hayakuwa mbali kama yanavyodhaniwa, maana mpiganaji asiyejua mahali pa kuweka mguu wake hana faida ya mkono wake.

Ugomvi haukukoma. Inasimuliwa kwamba polisi walifika nyumbani kwao kuwaonya wazazi wake kuwa, kijana akiendelea hivyo, atakamatwa na kutiwa ndani. Wazazi waliona heri kumwondoa. Mwaka 1959 alipanda meli kurudi Marekani alikozaliwa, akiwa na fedha kidogo mfukoni.

MAISHA YA MAREKANI

Mtoto wa mchezaji mashuhuri, aliyezoea watumishi nyumbani kwao, alijikuta mjini Seattle akipeleka sahani mezani katika hoteli ya chakula ya Kichina na kulala katika chumba kidogo cha hotelini humo. Alimaliza masomo ya sekondari, na mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington, ambako miongoni mwa masomo yaliyomvutia sana ni falsafa. Wakati huohuo alianza kufundisha kung fu. Alimpokea mwanafunzi wa rangi na taifa lolote, ingawa baadhi ya Wachina walishikilia kwamba elimu hiyo haipaswi kupewa wageni. Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Wasomaji wetu watastaajabu kusikia kwamba mtu huyu alipopimwa ili aandikishwe katika jeshi la Marekani, alikataliwa kwa sababu za kiafya. Tena macho yake hayakuona mbali vizuri, na kimo chake kilikuwa kama mita 1.72 tu. Mwili ambao ulimwengu uliustaajabia baadaye haukuwa zawadi aliyozaliwa nayo. Aliujenga kwa mbio, kamba, vyuma na mazoezi ya kila siku, akiandika daftarini hesabu ya kila zoezi.

Mwezi Agosti 1964 alionyesha ufundi wake katika mashindano ya karate ya Long Beach, California, na kutokana na onyesho hilo watu wa televisheni wakapata habari zake. Mwaka 1966 alipewa nafasi ya Kato, mtumishi na dereva, katika mchezo wa televisheni ulioitwa The Green Hornet. Mchezo huo ulidumu msimu mmoja tu. Baada ya hapo milango ya Hollywood ikawa mizito kwake, kwani watengenezaji wa picha hawakuamini kwamba Mwasia angeweza kuwa mhusika mkuu wa kuwavutia Wamarekani. Alijipatia riziki kwa kufundisha, na wanafunzi wake walikuwa watu mashuhuri, kama vile wachezaji wa sinema Steve McQueen na James Coburn, na mchezaji wa mpira wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar.

Mwaka 1967 aliupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do, maana yake njia ya kuzuia ngumi. Msingi wake ulikuwa kuacha madoido, kuchukua kila kinachofaa katika ndondi, vitara na mieleka, na kumkatiza adui pigo lake lingali njiani.

Mwaka 1970 balaa lilimpata. Asubuhi moja alinyanyua vyuma vizito mabegani bila kuupasha mwili moto kwanza, akaumia mgongo vibaya. Madaktari walimwambia apumzike na asitazamie kurusha teke tena. Kwa muda wa miezi kama sita bingwa huyo alikaa na kulala akiuguza mgongo, ilhali mke wake akitoka kwenda kufanya kazi ili familia ipate kula. Badala ya kukata tamaa, alisoma na kuandika daftari baada ya daftari kuhusu sanaa yake. Maandishi hayo yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1975, baada ya kufa kwake. Aliinuka na kupiga mateke tena, lakini maumivu ya mgongo hayakumwacha hadi mwisho wa maisha yake. Picha zote nne alizitengeneza akiwa na maumivu hayo.

PICHA NNE NA NAFASI ZAKE

Mwaka 1971 alirudi Hong Kong, akatia saini mkataba na kampuni ya Golden Harvest ya Raymond Chow. Hapo ndipo zilipotoka picha zinazobishaniwa hadi leo. Mwandishi wa makala haya anazipanga kwa kipimo kimoja, yaani jinsi kila moja inavyoonyesha nguvu ikitumiwa, kwa sababu gani, na kwa gharama gani.

Nafasi ya nne ni Fist of Fury ya mwaka 1972. Wengi watapinga, kwa kuwa ndiyo inayosisimua damu kuliko zote. Chen Zhen, mwanafunzi mjini Shanghai, anagundua kuwa mwalimu wake ametiliwa sumu, na Wajapani wanawatukana Wachina katika nchi yao wenyewe. Hasira yake ni ya haki. Lakini anakwenda kulipiza peke yake, bila shauri la wenzake, na alipokuwa mbali akiwasaka maadui, maadui wakaivamia shule na kuwaua ndugu zake. Mwishowe anajisalimisha ili shule iokoke, kisha anairukia mitutu ya bunduki. Ni ushujaa mkubwa, lakini ni ushujaa uliolipiwa na watu wengine.

Nafasi ya tatu ni The Big Boss ya mwaka 1971, iliyopigwa Thailand. Kijana Cheng amemwahidi mama yake kutopigana, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha ahadi hiyo. Anafanya kazi katika kiwanda cha barafu ambamo madawa ya kulevya hufichwa ndani ya mapande ya barafu. Ndugu zake wanapotoweka mmoja mmoja, tajiri hamtishi Cheng, bali anampandisha cheo kuwa msimamizi, kisha anamlisha na kumlevya. Kwa muda Cheng anawasahau wenzake. Polisi na aitazame sehemu hiyo kwa makini, maana adui mwenye akili hutanguliza karamu kabla ya panga. Mwisho wa picha Cheng, baada ya kuua, anajitoa mikononi mwa polisi.

Nafasi ya pili ni Enter the Dragon ya mwaka 1973, iliyotengenezwa pamoja na kampuni ya Kimarekani ya Warner Bros. na kuongozwa na Robert Clouse. Humo Lee anatumwa na wapelelezi kuingia katika kisiwa cha mwovu aitwaye Han. Watu wengi hukumbuka chumba cha vioo. Lililo bora zaidi linatokea mapema, ndani ya jahazi. Mgomvi mmoja anamchokoza Lee. Lee anamwambia washuke katika mashua ndogo wakapigane kisiwani. Yule anatangulia kushuka, na Lee anabaki juu ameshika kamba, akimwacha ayumbishwe na mawimbi. Ushindi umepatikana, wala hakuna aliyeguswa.

Nafasi ya kwanza anapewa The Way of the Dragon, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 1972. Hii aliiandika na kuiongoza mwenyewe, hivyo humo tunayasoma mawazo yake bila mkono wa mtu mwingine. Kijana kutoka Hong Kong anakwenda Roma kuwasaidia jamaa wenye hoteli ya chakula wanaosumbuliwa na majambazi. Mwishoni anakutana katika magofu ya Colosseum na bingwa wa karate anayeigizwa na Chuck Norris, ambaye alikuwa bingwa kwelikweli. Wote wawili wanajinyoosha viungo kwanza, kwa utulivu, kama watu wanaoheshimiana. Norris anavunjika mkono na mguu. Lee anasimama na kumwashiria kwa kichwa kwamba basi, inatosha. Norris anakataa, anakuja tena, na anakufa. Ndipo mshindi anapochukua koti na mkanda wa mshindwa, anamfunika navyo na kupiga goti mbele yake. Hakuna shangwe. Kumpa adui nafasi ya kusalimu amri na kuuheshimu mwili wake akianguka ni mambo yanayofundishwa katika kila jeshi lenye nidhamu, na ni vigumu kupata picha ya ngumi ya miaka ile iliyoyaonyesha wazi kuliko hii.

KIFO CHAKE NA CHA MWANAWE

Tarehe 10 Mei 1973 Lee alianguka studio alipokuwa akitia sauti katika Enter the Dragon. Madaktari walikuta ubongo umevimba, wakafaulu kumwokoa. Tarehe 20 Julai mwaka huohuo, mjini Hong Kong, aliumwa na kichwa, akapewa kidonge cha kutuliza maumivu, akalala, wala hakuamka. Ubongo ulikuwa umevimba tena. Uchunguzi rasmi uliamua kuwa kifo kilikuwa cha bahati mbaya, kilichotokana na mwili wake kutopatana na dawa hiyo. Uvumi wa sumu na wa visasi ulienea, wala haukuthibitishwa kamwe. Madaktari wa miaka ya baadaye wametoa maelezo mengine ya ule uvimbe. Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa mwezi Agosti, mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa Seattle.

Miaka 20 baadaye, tarehe 31 Machi 1993, mwanawe Brandon, naye mchezaji wa sinema, aliuawa akiwa kazini. Katika bastola ya kuigizia kilikuwa kimebaki kichwa cha risasi kilichokwama ndani ya mtutu tangu ilipotumiwa katika tukio la awali. Hakuna aliyeukagua mtutu. Ilipotiwa risasi baridi na kufyatuliwa, baruti ilikisukuma kile kichwa kikampiga tumboni. Alikuwa na umri wa miaka 28, na amezikwa kando ya baba yake. Kila askari amekwisha kuamriwa mara nyingi kukagua silaha hata kama ameambiwa haina kitu. Kaburi hilo linaeleza sababu ya amri hiyo.

Basi ndugu askari mtakapokaa tena kuzipanga picha za Bruce Lee, msihesabu tu maadui walioanguka. Hesabuni pia nyakati alizoweza kupiga asipige. Yule kijana wa mapaa ya Hong Kong, aliyefukuzwa na ugomvi wake mwenyewe kutoka nyumbani kwao, alihitaji zaidi ya miaka 10 ya jasho na maumivu ili ngumi yake ipate kutii amri.