Habib Swaleh: sharifu aliyeishusha nafsi yake

Siku ya mnada wa Karatu hukutana Mwiraqw, Mmasai, Mdatoga na wafanyabiashara wa kutoka mbali. Kila mmoja ana ukoo wake, na ni rahisi kumwona mwenzako mdogo. Leo, msikilizaji, tunakuletea maisha ya mtu aliyekuwa na ukoo mkubwa akakataa kuutumia kama ngazi.

Habib Swaleh alizaliwa Ngazija, Visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Alikuwa sharifu, yaani wa kizazi cha Mtume Muhammad. Akiwa kijana alihamia Lamu, pwani ya Kenya. Siku hizo waungwana wa Lamu waliishi nyumba za mawe, na watumwa na watoto wao waliishi pembezoni, vibandani. Elimu ya dini iliwafikia kwa shida.

Sharifu angepokewa vizuri kwenye nyumba za mawe. Yeye alikwenda kuishi na watu wa pembezoni, akala nao na kuwasomesha. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukia.

Kisha akaleta maulidi yaliyotungwa na Ali al-Habshi wa Hadhramaut, Yemen, yanayosomwa kwa matari. Hapo ugomvi ukazidi, kwa sababu wengine hawakutaka ngoma msikitini.

Kwa nini aling'ang'ania? Tukumbuke kwamba Masufi huita nafsi ile sehemu ya mtu inayosema mimi, mimi. Haiondoki kwa kuamriwa, inahitaji mazoezi. Katika maulidi haya watu hujipanga safu, wakayumba pamoja kwa mdundo mmoja. Anayelinda heshima yake hawezi kuyumba vizuri. Lazima ajiachie, na aliye kando yake huenda ni mtoto wa mtumwa. Kwa hiyo matari yalifanya kazi ileile ya kuhamia vibandani.

Habib Swaleh alifariki 1935. Msikiti Riyadha alioujenga Lamu bado unafundisha, na kizazi chake kimeendelea kuuongoza. Kila Mfungo Sita maelfu ya watu huja maulidini.

Sisi wa huku bara, wa dini yoyote, tunaweza kuanza na jambo dogo: kumkaribisha sahani moja yule ambaye ukoo wetu haujazoea kula naye. Nafsi italalamika kwanza.