Maisha ya Gunpei Yokoi, Fundi wa Gemu za Mkononi

Toleo hili sijaja na siasa za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, wala sijaja kulia na bumu lililochelewa. Nimekuja kusimulia maisha ya mtu ambaye wapenda gemu wa dunia nzima wanamheshimu, na ambaye vidole gumba vyetu vinamjua hata kama sisi wenyewe hatujawahi kulisikia jina lake.

Naanzia nyumbani, Kilolo. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori la mbao, Iringa kwenda Dar na kurudi. Safari moja akarudi na kidude cha plastiki cha kijivu kilichoandikwa Brick Game. Ndani yake matofali yanashuka, wewe unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Watoto wa pale kijijini tulipanga foleni kama tuko kisimani. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Gemu ilikula betri mbili ndogo, na betri zikichoka tulikuwa tunaziuma kwa meno, halafu tunazianika zipate nguvu kidogo. Ila Kilolo mnaijua. Ukungu unaweza kukaa mpaka saa tano asubuhi, sasa jua la kuanikia betri utalitoa wapi? Tulizipanga pembeni ya mafiga, jikoni kwa bibi, na bibi alilalamika kila siku kwamba tutamlipulia nyumba.

Likizo ya mwaka jana nilikikuta kile kidude darini. Betri za mwisho alizonunua mjomba zilikuwa bado zimo ndani, zimevuja, kutu ya kijani imetanda. Nikasugua kwa ndimu na mswaki wa zamani, nikaweka betri mpya. Kikawaka! Sauti haikutoka, lakini matofali yalishuka.

Toka siku hiyo nimekuwa mkusanyaji. Nina boksi la sabuni limejaa gemu za mkononi, kaseti za zile gemu za kuchomeka kwenye tivi, na pedi zilizokatika waya. Nazipata kwenye mitumba, kwa mafundi redio, na kwa watu wanaohama nyumba. Kila kitu nakipiga picha, naandika kilipatikana wapi, nani alikuwa nacho, kina gemu zipi na kimeharibika nini, kisha naweka mtandaoni. Kwenye sehemu ya mtengenezaji nimeandika “hajulikani” mara nyingi, maana vitu hivi ni vya kuigizia, havina jina la mtu. Nikajiuliza wazo lenyewe la gemu ya mfukoni, yenye kioo cha bei rahisi na betri ndogo, lilianzia kwa nani. Nikafuatilia, nikafika kwa Mjapani mmoja, Gunpei Yokoi.

Yokoi alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941. Alisoma uhandisi wa elektroniki Chuo Kikuu cha Doshisha, palepale Kyoto. Alipomaliza hakugombaniwa na makampuni makubwa ya elektroniki. Mwaka 1965 akachukua kazi iliyokuwepo karibu na nyumbani, kwenye kampuni iitwayo Nintendo.

Msiifikirie Nintendo ya leo. Ile ya 1965 ilikuwa kampuni ya karata. Ilianzishwa mwaka 1889, na kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza hanafuda, yaani karata za Kijapani zenye picha za maua. Kazi ya Yokoi ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Mhandisi mwenye digrii, anazunguka kuangalia mashine za karata zisikwame. Wale mnaoogopa kazi ya chini baada ya mahafali, someni hapo mara mbili.

Mashine zikiwa nzima alikuwa hana cha kufanya, akawa anajitengenezea vitu vya kuchezea. Kimojawapo kilikuwa mkono wa fito zilizopishana kama mkasi. Ukibana huku, kule mbele unarefuka na kushika kitu. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akapita kiwandani akakiona. Mwajiriwa mdogo kukutwa anachezea muda wa kazi ni kesi, lakini Yamauchi alimwita ofisini akamwambia akigeuze kiwe bidhaa. Mwaka 1966 kikaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, na vikauzwa zaidi ya milioni moja. Fundi wa mitambo akahamishiwa kwenye ubunifu.

Mwaka 1969 akaja na Love Tester, ambayo kwa chuo chetu ingemaliza mabumu yote kwa wiki moja. Mvulana na msichana wanashikana mikono, kila mmoja anashika kidude upande wake, sindano inawaonyesha wanapendana kiasi gani. Kimsingi kilikuwa kipimo cha umeme unaopita mwilini, hakuna cha ajabu. Teknolojia ya kawaida kabisa, ila mtu amewaza namna nyingine ya kuitumia.

Hapo ndipo penye nondo ya maisha yake. Yokoi aliamini huhitaji teknolojia mpya kabisa ili ubuni kitu kipya. Chukua teknolojia iliyokwisha kukomaa, ambayo bei yake imeshuka na matatizo yake yanajulikana, kisha ipeleke mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuipeleka. Wenzake waliikimbilia ya kesho. Yeye aliiangalia ya jana kwa jicho jingine.

Mfano mzuri ni safari yake ya treni ya mwendo kasi. Alimwona abiria mmoja amechoka na safari, anabonyezabonyeza kikokotoo ili kupoteza muda. Miaka hiyo kampuni za vikokotoo zilikuwa zimeshindana mpaka vioo na chipu zake vikawa rahisi. Yokoi akawaza kwamba kama mtu anaweza kujiliwaza na kikokotoo, basi mpe gemu ya ukubwa huohuo. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, gemu moja ndani ya kidude kimoja, pamoja na saa. Mpaka familia hiyo inafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 43.

Mwaka 1982, kwenye Game & Watch ya Donkey Kong, alitaka mchezaji aweze kwenda juu, chini, kushoto na kulia bila kubeba mkono mrefu wa kushika kama kwenye mashine za ukumbini. Akaweka kitufe cha umbo la msalaba. Bwana wee, kile kitufe hakikuondoka tena duniani. Nenda kibanda chochote cha gemu pale mjini, shika pedi, angalia upande wa kushoto. Vile vishale vinne ni wajukuu wa msalaba wa Yokoi. Ndiyo maana nimesema vidole gumba vyetu vinamjua.

Hiyo Donkey Kong yenyewe nayo ilitokana na mali iliyododa. Nintendo ilikuwa imepeleka Marekani mashine za gemu iitwayo Radar Scope, na kama 2,000 hivi zikakosa wanunuzi. Kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto, akapewa kazi ya kubuni gemu nyingine ya kuweka ndani ya makabati yaleyale, Yokoi akiwa msimamizi wake. Mwaka 1981 mashine zilizokuwa zinakula vumbi zikawa Donkey Kong, na Miyamoto akaja kuwa mbunifu mkubwa kuliko karibu wote.

Sasa tufike kwenye Game Boy, ambayo Yokoi na kikosi chake waliitoa tarehe 21 Aprili 1989. Kwa macho ya haraka ilikuwa dhaifu. Kioo chake hakikuwa na rangi, ni kijani-kijani chenye vivuli vinne tu, na hakikuwa na taa ya ndani. Mwaka huohuo Atari ikatoa Lynx yenye rangi, na mwaka uliofuata Sega ikaja na Game Gear, nayo ya rangi. Wataalamu wangeweza kusema Game Boy imezaliwa mzee. Lakini Game Gear ilikula betri sita na kuzimaliza kwa saa tatu mpaka tano. Game Boy ilitumia nne, ikaenda zaidi ya saa kumi. Ilikuwa rahisi, ngumu, na ikianguka inaokotwa mchezo unaendelea. Moja iliungua kwenye kambi ya wanajeshi wakati wa Vita vya Ghuba, plastiki ikayeyuka, lakini bado ikawaka. Kwa miaka mingi iliwekwa kwenye onyesho dukani kwa Nintendo, New York. Game Boy na ndugu yake wa rangi aliyefuata zimeuzwa zaidi ya milioni 118.

Waandishi wengi hueleza uamuzi ule kama ujanja wa biashara. Mimi niliyekulia Kilolo nauona tofauti. Mtoto aliyewahi kuuma betri na kuzipanga pembeni ya mafiga hahitaji kufundishwa kwa nini saa kumi bila rangi ni bora kuliko saa tatu zenye rangi.

Lakini Yokoi hakuwa mtu wa kushinda siku zote. Mwaka 1995 ikatoka Virtual Boy, kifaa cha kuchungulia ndani kama darubini, chenye picha nyekundu tupu kwenye giza. Watu waliumwa macho na vichwa, wakakikataa. Hata nakala laki nane hazikufika, na kampuni ikakizika ndani ya mwaka mmoja. Baada ya miaka 30 ya kazi, jina lake likawa linatajwa pamoja na anguko hilo. Alisimamia kwanza kutoka kwa Game Boy Pocket, iliyo ndogo na nyepesi zaidi, kisha Agosti 1996 akaondoka Nintendo.

Hakukaa kulia. Akaanzisha kampuni yake ndogo, Koto, palepale Kyoto, akaanza kuisaidia kampuni ya Bandai kutengeneza gemu nyingine ya mkononi. Wazo lilikuwa lilelile, tena amelikaza zaidi. Hii ingetumia betri moja tu.

Hakuiona ikitoka. Tarehe 4 Oktoba 1997 gari alilokuwemo liligonga lori barabarani. Akashuka kuangalia uharibifu, na gari jingine likaja likamgonga. Alikuwa na miaka 56. WonderSwan, ile gemu ya betri moja, ilitoka mwaka 1999.

Niliposoma habari hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje ya hosteli. Mjomba wangu naye alishuka garini. Lori lao lilipata hitilafu kwenye Mlima Kitonga usiku, akashuka kuweka gogo kwenye tairi kama utingo yeyote anavyofanya, na hakurudi. Ndiyo maana zile betri zilikuwa bado zimo ndani. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na moyo wa kukigusa kile kidude.

Mwaka 2024 Nintendo ilifungua makumbusho yake Uji, karibu na Kyoto, kwenye kiwanda chake cha zamani. Ultra Hand imo, Love Tester imo, na wageni wanavichezea. Hapa kwetu Kalenga tunalo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, limetunzwa, na ni haki yake. Lakini vitu vidogo vilivyokuwa furaha ya utoto wetu miaka ya 1990 na 2000 nani anavitunza? Hata wenye gemu zao hawako salama. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo hazipatikani tena sokoni. Kama huko ni hivyo, gemu za kuigizia za huku, ambazo hazina hata jina la mtengenezaji, zitapotea kimya kimya.

Maisha ya mzee huyu yamenigusa mpaka darasani. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa programu ya simu janja ya kuwapa bei za soko wakulima wa nyanya wa Ilula. Nikaenda kuwatembelea wakulima wenyewe, nikakuta wengi niliozungumza nao wana viswaswadu, na chaji wanaitunza kama mboga ya wiki. Nimeugeuza mradi uwe wa ujumbe mfupi wa kawaida. Jamaa zangu wa darasani wananicheka eti nimerudi enzi za mawe. Sijui kama nitapata alama nzuri au nitasapu. Ila sasa hivi kuna wakulima ambao simu zao zinaita saa kumi na moja alfajiri na bei zinasomeka, bila bando.

Ombi langu ni dogo. Ukienda likizo, chungulia darini, chini ya vitanda, kwenye masanduku ya kaka zako. Ukikuta gemu ya zamani usiitupe. Toa betri kwanza zisiile, kisha niletee, au ipige picha mwenyewe uandike ilitoka wapi na ilikuwa ya nani. Hiyo ya mwisho usiiache. Kwenye rekodi ya ile Brick Game, sehemu ya mtengenezaji bado nimeandika “hajulikani”. Sehemu ya mmiliki nimeandika jina kamili la mjomba, kazi yake, na kwamba watoto wote wa pale kijijini walikuwa wanapewa zamu.